Kujitoa na Kujitolea

Mwanachama akichoshwa na chama chake, hujitoa. Akikipenda, hujitolea. Matendo haya mawili hayafanani hata kidogo, na kinachoyatenganisha ni silabi moja, ile -le- ambayo sarufi huiita kauli ya kutendea. Kauli hii haikubali kukaa peke yake: ukisema umempikia, umemwandikia, umemlimia, msikilizaji anataka kujua nani. Kujitolea nako kunadai nani. Hivyo kijana, au mstaafu, anayeuliza “Nijitolee wapi hapa mtaani?” ameanza na swali la pili. La kwanza ni hili: kwa ajili ya nani? Na kwa uzoefu wangu, jibu hupatikana mapema zaidi kwa kusikiliza maneno ambayo watu wa mahali pale wanayatumia kuitaja kazi yao.

Tuanze na neno lenyewe, maana limeelemewa. Nchini Tanzania siku hizi ukisikia kwamba binti wa jirani “anajitolea” katika shule ya sekondari ya kata, unaelewa papo hapo kwamba amemaliza chuo, hana mshahara, na anasubiri ajira. Nawaheshimu sana walimu hawa. Bila wao baadhi ya madarasa yangekaa bila mwalimu wa hisabati. Lakini huku ni kusubiri kulikoazima jina la kutoa, na jina la kuazima huwaponza wenye nalo, kwa sababu anayejitolea hatarajiwi kudai chochote. Kiswahili kina maneno ya haki kwa hali hiyo. Daktari aliyemaliza masomo na yuko chini ya uangalizi hospitalini huitwa daktari tarajali. Anayejifunza ufundi kwa fundi ni mwanagenzi. Maneno yote mawili yana mwalimu ndani yake, yana muda, yana mwisho. Kama unachotafuta ni uzoefu, omba uanagenzi kwa jina lake na uulize ni nani atakusimamia. Si aibu, na ni bora kuliko kujificha nyuma ya sadaka.

Jeshi la Kujenga Taifa, lililoanzishwa 1963, nalo lina utaratibu mzuri wa kuyataja makundi yake. Wanaoitwa baada ya kidato cha sita ni vijana wa mujibu wa sheria. Walioomba wenyewe ni vijana wa kujitolea. Wanaweza kuwa kambi moja, wanakimbia mchakamchaka uleule alfajiri, lakini kila kundi linajua limefikaje pale.

Sasa twende Upare, kwenye neno ninalolipenda kuliko yote: msaragambo. Huko milima ya Same na Mwanga wakulima wamechimba tangu zamani mabwawa madogo ya udongo yaitwayo ndiva. Maji ya kijito huingizwa ndivani usiku, na asubuhi hufunguliwa yakashuka kwa mfereji hadi mashambani, kila mwenye zamu kwa zamu yake. Ndiva hujaa tope. Mfereji huziba kwa majani na mawe, kingo zikabomoka. Hapo ndipo msaragambo unapoitishwa: siku hutangazwa, watu hutoka na majembe, makoleo na mapanga, wengine wanazoa tope, wengine wanashindilia kingo. Asiyetokea bila sababu hutozwa faini, na kutegea msaragambo ni kuhatarisha zamu yako ya maji. Je, huku ni kujitolea? Mwenye kupenda hiari safi atasema hapana. Mimi nasema msaragambo una jambo ambalo hiari safi mara nyingi haina: hakuna mtoaji upande huu na mpokeaji upande ule. Anayezoa tope ndiye atakayenywesha mahindi yake kesho. Neno limevuka Upare, na sasa unaweza kulisikia mahali pengine likiitia watu kujenga darasa au kulima barabara ya kijiji.

Ujima ni ndugu yake: leo tunalima kwako, kesho kwangu. Neno hilo limesafiri hata likafika Marekani, ambako Maulana Karenga alipoanzisha sherehe ya Kwanzaa mwaka 1966 alilifanya jina la nguzo ya tatu kati ya saba, inayokumbukwa tarehe 28 Desemba. Harambee ilikuwa ukelele wa wavuta mizigo. Jomo Kenyatta akaifanya wito wa taifa mwaka 1963, nayo imeandikwa kwenye nembo ya Kenya. Baadaye ikawa zaidi mkutano wa kuchangisha fedha, mwenye mkoba mzito akitajwa kwanza. Ukialikwa harambee, tazama kama kuna jembe au kuna kipaza sauti tu. Rwanda wana umuganda, kazi ya pamoja ya Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi, na sheria yao inawataja wenye umri wa miaka 18 hadi 65.

Hiari ni neno jingine kabisa, na mahali linapokaa sawasawa ni kwenye damu. Katika vituo vya damu salama mtoaji hutambuliwa kwa aina yake: ndugu wa mgonjwa, aliyekuja kwa sababu mjomba yuko wodini, au mchangia damu wa hiari, ambaye hana mgonjwa hata mmoja. Huyu wa pili anapimwa uzito (usiwe chini ya kilo 50), anatobolewa kidole kuangalia wingi wa damu, anajibu maswali ya siri kuhusu maisha yake bila kudanganya, analala kitandani anafumba na kufumbua kiganja hadi mfuko wa mililita 450 ujae. Anapewa soda na biskuti, anaondoka. Aliyemtolea hatamjua kamwe. Ile -le- inabaki wazi maisha yote, na ndiyo ukubwa wake. Mwanamume anaweza kurudi baada ya miezi mitatu, mwanamke baada ya minne. Kwa mtu mwenye shughuli nyingi, sijui mahali panapodai saa chache na kurudisha kikubwa namna hii.

Kisha kuna uhudumu. Kenya ilipozindua upya mpango wake wa afya ya jamii mwaka 2023, watu wapatao laki moja waliokuwa wakiitwa wahudumu wa kujitolea walibadilishiwa jina wakawa wahamasishaji wa afya, wakapewa mikoba ya vifaa na posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi. Tanzania mwaka uliofuata ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, WAJA kwa kifupi. Wapo wanaolalamika kwamba posho imeua moyo. Sikubaliani nao. Mama anayepanda kilima kumpima mjamzito shinikizo la damu ametoa vya kutosha; nauli isitoke kwenye unga wa watoto wake. Mahali pazuri pa kujitolea hulipa nauli, au husema wazi mapema kwamba hapawezi.

Na kuna kazi isiyoitwa kujitolea na yeyote. Wanaoosha maiti, wanaochimba kaburi, akina mama wanaokesha jikoni msibani na masufuria ya wali, mweka hazina wa chama cha kufa na kuzikana anayezunguka na daftari lake: waulize, watasema wamekwenda msibani tu, basi. Huitwa kwa kazi zao, fundi wa kaburi, mpishi, mwosha. Hicho ndicho kipimo ninachokiamini. Ukiwa mahali kwa muda na bado unaitwa “yule wa kujitolea”, wewe ni mgeni pale. Wakianza kukuita mwalimu, mpishi, au mtunza vitabu, umefika.

Kwa hiyo usianzie mbali. Nenda ofisi ya serikali ya mtaa wako, soma ubao wa matangazo, kisha muulize mjumbe wako msiba wa mwisho ulipungukiwa nini, na shule ya msingi inahitaji mtu wa kufanya nini. Ukipata jibu, nenda kesho yake.