Mwendo wa Dar es Salaam na Unguja

Mtu akituuliza umbali uliopo baina ya Dar es Salaam na mji wa Unguja, twaweza kumjibu kwa namna mbili. Jibu la ramani ni kilomita 70 na kidogo. Jibu la wahenga lilikuwa ni swali: wasafiri msimu gani?

Jibu hilo la pili ndilo lenye historia. Sultani Majid bin Said alipoanza kujenga mji wake mpya kando ya kijiji cha Mzizima, katika miaka ya 1860, njia ya kuufikia kutoka Unguja ilikuwa ni bahari, na mwenye amri baharini ni upepo. Kaskazi ikivuma, jahazi la kutoka Unguja lilishuka kwa wepesi, na lile la kutoka huku likahangaika kubisha. Kusi ikishika, mambo yakageuka. Hivyo umbali wa kwenda haukuwa sawa na umbali wa kurudi. Lugha yetu imeihifadhi hekima hiyo katika neno moja, mwendo, ambalo ni umbali na ni jinsi ya kwenda vilevile. Nahodha hakutaja maili. Alitaja siku, au alimtaja Mungu.

Ndege ilikuja kuufuta msimu. Tangu 1937 ndege za majini za Imperial Airways, zilizosafiri baina ya Uingereza na Durban, zilikuwa zikitua katika maji ya bandari ya Dar es Salaam. Mwaka 1946 likaundwa Shirika la Ndege la Afrika Mashariki, na lilipovunjika mwaka 1977 Tanzania ikaanzisha shirika lake. Siku hizi ndege huvuka mkondo ule kwa dakika 20 hivi, upepo uvume utokako.

Lakini dakika hizo huhesabiwa toka kiwanja hadi kiwanja, na hakuna mtu akaaye kiwanjani. Katika sensa ya 1967 mji wa Dar es Salaam haukutimiza watu 300,000. Mwaka 2022 mkoa ulihesabiwa watu zaidi ya milioni 5. Bahari imefupika, mji umerefuka. Sisi tuliopata kukaa Mbagala, wilaya ya Temeke, twalijua jambo hili kwa miguu yetu. (Jirani zetu wa Kinondoni nao wana visa vyao, hatutaki kushindana nao.)

Mwaka mmoja tulipata habari ya msiba Unguja, na maziko yalikuwa adhuhuri. Tuliondoka nyumbani kabla ya adhana ya alfajiri, tukapanda daladala katika barabara ya Kilwa, tukasimama, tukasogea, tukasimama tena, tukabadili gari Tazara. Tulipofika kiwanjani jua lilikuwa limekwisha panda. Ndani ya ndege, mzee aliyeketi kando yetu alitoa tasbihi akaanza nyuradi zake. Tulipoteremka Unguja alikuwa hajazimaliza.

Maziko tuliyawahi. Baadaye, barazani, wenyeji walituuliza safari ilichukua muda gani. Tukasema, muda wa saa nne. Wakatazamana. Mzee mmoja, baharia wa zamani, akatuuliza kwa upole kama tulikutana na upepo wa omo.

Tukamwambia ndiyo, tulikutana nao pale Tazara.