Uchunguzi wa Maiti na Wenye Mamlaka

Uchunguzi wa maiti, yaani kazi ya kuukagua mwili wa marehemu, na mara nyingi kuupasua, ili kujua kilichomuua, una asili yake mahakamani kama ulivyo nayo hospitalini. Mwaka 1247, nchini China, hakimu Song Ci alikamilisha kitabu cha kuwaongoza maofisa waliotumwa kukagua miili ya watu waliokufa katika mazingira ya kutatanisha, na ingawa ukaguzi wao uliishia nje ya mwili, aliweza kueleza kwamba aliyeungua akiwa hai hukutwa na majivu kinywani na puani kwa sababu alikuwa akipumua motoni, ilhali aliyeuawa kwanza kisha akachomwa hakutwi nayo. Wataalamu wa leo hutafuta masizi ndani ya koromeo na kupima gesi ya monoksidi ya kaboni katika damu, lakini hoja yao ni ileile. Mjini Bologna, Italia, mwaka 1302, mtu aitwaye Azzolino alifariki ghafla, ikashukiwa kwamba amelishwa sumu, na mahakama ikawaagiza matabibu, akiwamo Bartolomeo da Varignana, waufungue mwili wake. Nao wakaripoti kwamba kilichomuua ni damu iliyojikusanya katika mshipa mkubwa wa ndani, wala si sumu.

Katika tiba kizuizi kikubwa kilikuwa heshima iliyopita kiasi kwa vitabu. Galen, tabibu wa karne ya 2 ambaye maandishi yake yaliongoza tiba ya Ulaya na ya nchi za Kiislamu kwa zaidi ya miaka 1,000, alipasua nyani na nguruwe, kisha akayahamishia kwa binadamu aliyoyaona kwa wanyama. Alifundisha kwamba damu hupenya kutoka upande mmoja wa moyo hadi mwingine kupitia vitundu visivyoonekana. Katika karne ya 13 Ibn al-Nafis aliandika waziwazi kwamba vitundu hivyo havipo na kwamba damu hupitia mapafuni, kauli ambayo kwa bahati mbaya ilisahauliwa kwa karne nyingi. Mwaka 1543 Andreas Vesalius, mwalimu wa chuo kikuu cha Padova aliyepasua maiti kwa mikono yake mwenyewe badala ya kumwachia msaidizi, alionyesha kwamba taya la chini la binadamu ni mfupa mmoja, si miwili kama Galen alivyodai. Katika chuo hichohicho, Giovanni Battista Morgagni alichapisha mwaka 1761, akiwa na umri wa miaka 79, kitabu chenye maelezo ya maiti zipatazo 700, ambamo dalili za mgonjwa alipokuwa hai zililinganishwa na kasoro zilizokutwa katika viungo vyake baada ya kufa. Na tangu hapo swali la daktari likawa ni kiungo gani kinachougua.

Faida na hatari ya kazi hii zilikutana kwa namna ya kuhuzunisha katika Hospitali Kuu ya Vienna, ambako Carl von Rokitansky alikuwa ameufanya upasuaji wa maiti kuwa utaratibu wa kila siku. Hospitali hiyo ilikuwa na wodi mbili za kujifungulia, moja ya kufundishia wanafunzi wa udaktari na nyingine ya kufundishia wakunga. Mwaka 1846 wodi ya kwanza ilipoteza takriban wanawake 11 katika kila 100, ya pili chini ya 3, na wengi wao waliuawa na homa ya uzazi, ambayo ni maambukizi yanayomwingia mama wakati wa kujifungua. Machi 1847 daktari Jakob Kolletschka alijeruhiwa kwa kisu cha mwanafunzi wakati wa kupasua maiti, akaugua na kufa. Na rafiki yake Ignaz Semmelweis aliposoma ripoti ya uchunguzi wa mwili wake, aliona madhara yaleyale aliyozoea kuyaona katika miili ya akina mama. Ilimbidi akubali kwamba madaktari, naye akiwamo, walikuwa wakitoka katika chumba cha maiti na kuingia wodini wakiwa wamebeba mauti mikononi, jambo ambalo wakunga, kwa kuwa hawakupasua maiti, hawakulifanya. Mei mwaka huo aliagiza kila anayeingia wodini anawe kwa maji ya chokaa yenye klorini, na mwaka 1848 vifo katika wodi ya kwanza vilishuka hadi kukaribia 1 katika kila 100. Hata hivyo wakubwa wengi wa tiba walimkataa, na alifariki mwaka 1865 kabla ushahidi huo haujapewa haki yake.

Ukaidi wa namna hiyo ulijirudia michezoni. Mwaka 1928 Harrison Martland wa New Jersey alieleza hali ya mabondia wanaopepesuka na kuchanganyikiwa kama walevi, na mwaka 1973 J. A. N. Corsellis na wenzake walieleza uharibifu waliouona katika bongo za mabondia wastaafu 15. Lakini ilidhaniwa kwamba maradhi hayo ni ya ngumi peke yake. Mwaka 2002, mjini Pittsburgh, Bennet Omalu, daktari mzaliwa wa Nigeria, aliuchunguza mwili wa Mike Webster, mchezaji mashuhuri wa futiboli ya Kimarekani aliyefariki akiwa na miaka 50 baada ya kuvurugikiwa na akili. Kwa macho, ubongo ulionekana mzima, na mchunguzi mwenye haraka angeishia hapo. Omalu aligharimia mwenyewe utengenezaji wa vipande vyembamba vya kutazamwa kwa hadubini, akakuta marundo ya tau, protini ambayo kwa kawaida hushikilia umbo la seli za neva lakini ikiharibika hujikunja na kuzisonga. Alipochapisha matokeo hayo mwaka 2005, madaktari wa kamati ya ligi ya mchezo huo walidai makala iondolewe, na ni mwaka 2016 tu ofisa wa ligi alipokiri mbele ya wabunge wa Marekani kwamba uhusiano kati ya mchezo huo na ugonjwa huo upo. Ugonjwa huo hadi sasa huthibitishwa kwa kuuchunguza ubongo baada ya kifo tu. Katika soka, Marc-Vivien Foé wa Kameruni alianguka uwanjani Lyon tarehe 26 Juni 2003, na uchunguzi ukaonyesha kwamba misuli ya moyo wake ilikuwa imenenepa kupita kawaida, hali ya kurithi inayoweza kuvuruga mapigo ya moyo ghafla. Tangu Kombe la Dunia la 2006 FIFA imetaka wachezaji wapimwe kabla ya mashindano.

Katika upelelezi, mwili hueleza hata pale mashahidi wanaponyamaza. Moyo ukisimama, damu hutuama upande wa chini na kuacha madoa, kwa hiyo maiti iliyokutwa kifudifudi huku ikiwa na madoa mgongoni imehamishwa. Lakini ripoti huandikwa na watu. Mtalii Mwingereza alipokufa Maasai Mara mwaka 1988, maofisa walidai aliliwa na wanyama. Mpasuaji maiti aliandika kwamba mifupa ilikatwa kwa kitu chenye makali, na ripoti yake ikabadilishwa isomeke kana kwamba imeraruliwa, kabla ya mahakama ya Nairobi kuamua mwaka uliofuata kwamba aliuawa. Mwaka 2023, miili zaidi ya 400 ya wafuasi wa kikundi cha kidini kilichohimiza kufunga hadi kufa ilipofukuliwa katika msitu wa Shakahola, Kilifi, nchini Kenya, wapasuaji walitenganisha waliokufa kwa njaa na walionyongwa au kupigwa, tofauti ambayo kwa sheria ni kubwa mno.

Familia nyingi, hasa za Kiislamu zinazotaka kuzika upesi, huuona upasuaji kuwa ni kumvunjia marehemu heshima, na hisia hiyo haistahili kubezwa. Ipo njia ya kuizingatia: huko Kisumu na Siaya watafiti huchukua vipande vidogo vya tishu kwa sindano ndefu bila kuufungua mwili, na kazi hiyo, pamoja na ya wenzao katika nchi nyingine, imeonyesha kwamba mtoto mchanga mara nyingi huuawa na maradhi kadhaa kwa pamoja, na kwamba miongoni mwake yamo maambukizi ya bakteria aina ya Klebsiella, ambayo mengi hupatikana ndani ya hospitali zenyewe.