Neno « charge » ng'ambo ya mpaka: nani analipa, nani anaongoza, nani anashtakiwa

Mkaaji wa Beni ao Butembo anayevuka Kasindi na kuingia Mpondwe, ao wa Rutshuru anayepita Bunagana, anakutana na neno moja la Kiingereza mara nyingi kuliko anavyofikiri: « charge ». Liko kwenye facture ya hospitali. Liko kwenye karatasi ya polisi. Liko kwenye ujumbe wa simu wakati wa kutoa pesa, na liko kwenye kibao cha kijana anayeshargé simu za watu kwa panneau solaire. Shida ni kwamba mtu hashtuki akiliona. Anaona neno analolijua tayari, juu kwa Kifaransa chetu linaandikwa vilevile, herufi kwa herufi.

Neno usilolijua, unauliza maana yake. Neno linalofanana na lako, huulizi. Na hili, kwa kukosa kuuliza, linaweza kumgharimu mtu pesa, ao siku nyingi ndani ya kasho.

Kufanana kwake si bahati. Mizizi yake ni neno la Kilatini la zamani lililomaanisha kupakia mizigo kwenye gari la kukokotwa. Wafaransa wakalifanya « charger ». Mwaka 1066 Wanormandi kutoka Ufaransa waliishinda Uingereza, na kwa miaka mingi wakubwa na mahakimu wa kule walisema Kifaransa. Njo hivi neno liliingia katika Kiingereza. « Car », ni kusema gari, na « cargo », shehena, ni ndugu zake. (Neno letu « gari » halimo katika ukoo huo: lilitoka India.) Mwaka 1362 ilibidi Uingereza itoe sheria ili kesi zizungumzwe kwa Kiingereza, juu raia walikuwa wanahukumiwa kwa Kifaransa wasichokisikia. Mambo ambayo wakaaji wengi wa kwetu wanayajua vizuri.

Kwa hiyo ndani ya « charge » kuna mzigo kila mara. Swali la kujiuliza ni moja tu: mzigo huo uko juu ya nani? Ni hapo Kifaransa na Kiingereza vinaachana njia.

Tuanze na hospitali, juu ni pale watu wengi wanaanguka. Kwetu, shirika likitangaza « prise en charge gratuite », mama anajua kwamba mtoto wake atatunzwa na mtu mwingine ndiye atalipa. Miaka na miaka ya vita na magonjwa imetufundisha maneno haya; hata mtu asiyesoma anasema « walimuprendre en charge ». Sasa mama huyo akifika ng'ambo na kuona karatasi imeandikwa juu « Charges », anaweza kutulia, akifikiri ni orodha ya mambo ambayo hospitali inabeba. Ni kinyume. Kwa Kiingereza, « charges » kwenye karatasi ya hospitali ni orodha ya yale ambayo mgonjwa atalipa. Maneno ya kutafuta ni « free of charge » ao « no charge ». Hayo njo yanasema bure.

Ni vizuri kukumbuka kwamba serikali ya Uganda iliondoa malipo ya wagonjwa katika hospitali na vituo vya afya vya serikali mwaka 2001, lakini sehemu za « private » ndani ya hospitali hizo ziliendelea kulipisha. Nyumba moja, milango miwili. Kabla ya kulazwa, ulizo la kwanza ni: « Huu ni upande wa serikali ao wa private? » Kwa wakimbizi walio Nakivale, Kyangwali ao Rwamwanja, kuna jambo lingine: HCR inarudilia kila mara kwamba huduma zake zote ni « free of charge », kuanzia kuandikishwa hadi mambo ya kupelekwa nchi ya tatu. Mtu akikuambia kuna « small charge » ya kupitisha dosye yako, huyo anakuibia, hata akiwa na baji shingoni.

Ndugu wa neno hili ni « discharge », na huyu ni mubaya zaidi. Kwetu, kusaini « décharge » hospitalini ni kukubali kwamba unatoka kinyume na shauri la munganga: ukifia njiani, yeye hana deni. Mzigo umetoka kwake, umekuja kwako. Kwa Kiingereza, « discharge form » ni karatasi ya munganga anayekuruhusu kurudi nyumbani, juu ameona unaweza kuendelea na dawa kule. Mtu mmoja anaikataa kwa woga bila sababu. Mwingine anafikiri kwa sababu imetolewa, basi facture imekwisha. Haijaisha. Ruhusa ya munganga na deni la kaisi ni mambo mawili. Anayetaka kutoka kwa kichwa chake, bila ruhusa, kule wanatumia maneno mengine: « against medical advice ». Hapo njo « décharge » yetu inakaa.

Halafu katika vitabu vya afya, « discharge » ni pia maji ao usaha unaotoka mwilini, sikioni, kwenye kidonda ao kwa sehemu za siri. Mwanamke akiulizwa « any discharge? » haulizwi kama aliwahi kutoka hospitali.

Mkubwa wa kituo cha afya, yule sisi tunamwita « titulaire », kule anaitwa « the in-charge ». Ukitumwa kwa « in-charge » hutumwi kulipa, unatumwa kwa mkubwa. Kwa polisi ni vilevile: « OC » ni kifupi cha « officer in charge ». Lakini angalia kadogo haka: « in charge of the child » ni mtu anayemchunga mtoto, « in the charge of » ni yule anayechungwa. Kaneno kamoja katikati, na mkubwa amekuwa mdogo.

Sasa polisi na tribinali. Hapa inafaa kwenda polepole.

Mtu wa kwetu ana mazoea fulani. Sheria ya Kongo inaruhusu makosa fulani yamalizwe kwa « amende transactionnelle »: unalipa, unapewa karatasi, kesi inafungwa. Kwa hiyo Mkongomani akikamatwa ng'ambo na kusikia « You are charged », sikio lake linasikia bei. Anaanza kutafuta pesa, anapigia ndugu simu watume franga. Lakini « charged » pale haina bei. Maana yake: umeshtakiwa rasmi, kosa limeandikwa kwenye « charge sheet » na jina lako liko juu yake. Anayelipa faini, Waingereza wanasema ni « fined », si « charged ».

Njia ya kutofautisha iko katika kaneno kanachofuata. « Charged with theft »: ameshtakiwa kwa wizi. « Charged for the room »: ametozwa pesa ya chumba. « With » ni kesi, « for » ni mulipo. Gazeti likiandika tarakimu baada ya « charged », mara nyingi ni pesa. Likiandika tendo, ni kesi.

Na « charged » si « convicted ». Mara ngapi ujumbe unazunguka kwenye simu, « fulani amehukumiwa Kampala », wakati habari ya Kiingereza ilisema tu « charged »? Mtu huyo hajahukumiwa. Katiba ya Uganda, kifungu cha 28, inasema anahesabiwa kuwa hana hatia mpaka ihakikishwe ao mpaka akubali mwenyewe.

« Mpaka akubali mwenyewe »: maneno haya matatu ni mazito kuliko yanavyoonekana. Kwetu, mtu akikubali kosa mbele ya hakimu, kukubali huko ni ushahidi mmoja kati ya mingine, tribinali inaendelea kuchunguza. Katika nchi zilizorithi sheria ya Uingereza, mambo ni tofauti. Hakimu anasoma « charge », kisha anauliza kama unajibu « guilty » ao « not guilty ». Ukijibu « guilty » na ukakubali maelezo ya kosa yakisomwa, hakuna mashahidi tena. Kinachobaki ni kusema adhabu. Tuseme mfanyabiashara ambaye hasikii Kiingereza anaulizwa kwanza « Do you understand the charge? » Anajibu « yes ». Hapo hajaharibu kitu, amesema tu kwamba ameelewa anachoshtakiwa. Lakini akiendelea kusema « yes, yes » kwa kila ulizo, kwa heshima ao kwa kufikiri atalipa na kwenda, anaweza kujifungia mlango mwenyewe.

Kuna pia « drop the charges »: kuacha mashtaka, si kupunguza bei. Na kwenye vituo vya polisi vya Uganda mara nyingi kumebandikwa kwamba « police bond is free ». « Bond » ni dhamana ya polisi, ile ya kutoka wakati uchunguzi unaendelea. Bure ni bure. Anayekuomba « charge » ya bond, anaomba rushwa.

Saa zinafanana pande zote mbili za mpaka, na hii wengi hawaijui. Katiba ya Kongo, kifungu cha 18, inasema « garde à vue » haiwezi kupita masaa 48, na kwamba anayekamatwa aambiwe sababu katika lugha anayoisikia. Katiba ya Uganda, kifungu cha 23, nayo inasema aliyekamatwa kwa kushukiwa kosa afikishwe tribinali kabla ya masaa 48 kuisha. Kufuatwa ama kutofuatwa, hiyo ni habari nyingine, pande zote mbili.

Matumizi mengine ya neno hayana hatari kubwa. Simu yenye « low charge » haina moto. Tembo anaye-« charge » anakuja kukuvamia, na Kifaransa kinasema hivyohivyo. Anayepita barabara ya mbuga upande wa Ishasha atafanya vizuri kujua. « Explosive charge » ni baruti iliyotegwa: ukiona maneno hayo kwenye chuma, usikiguse. « Withdrawal charges » ni pesa inayokatwa unapotoa feza kwenye simu, na inafaa kuiuliza kabla ya kubonyeza. Kwenye formulaire za Kiingereza usitafute « personnes à charge »; wanaandika « dependants ». Na « chargé d'affaires » wa ubalozi ni Kifaransa ambacho Waingereza walikiazima kizima, hata kofia yake juu ya « é »: ni yule anayekaa kwenye kiti wakati balozi hayuko.

Toka mwaka 2022 Kongo iko ndani ya Jumuiya ya Afrika ya Mashariki, ambayo lugha yake ya kazi ni Kiingereza, kwa hiyo karatasi hizi zitaongezeka. Lakini Kiswahili nacho ni lugha rasmi ya pili katika katiba ya Uganda tangu 2005, na polisi na jeshi wa kule wamekitumia tangu zamani za ukoloni. Kwa aliyekamatwa, kifungu kilekile cha 28 kinampa mkalimani tribinalini bila yeye kulipa, kama hasikii lugha ya kesi. Inatosha kusema maneno mawili kabla ya kujibu « yes » ya kwanza: « Interpreter, Swahili. »