Chakula cha Watoto wa Sungura

Leo twende Ufaransa, tukatazame jambo ambalo wafugaji wa huko walijifunza kwa hasara.

Zamani mkulima wa Ufaransa alimlisha sungura wake majani ya bustani, majani makavu, na pumba kidogo. Sungura alikua polepole. Baada ya Vita Kuu ya Pili viwanda vilizidi kuuza chakula kilichosagwa na kushindiliwa kuwa vipande vidogo. Kazi ilipungua, na nafaka ikiwa nyingi sungura hunenepa upesi. Lakini watoto wa majuma manne au matano, waliokwisha kuachishwa maziwa, waliharisha na kufa.

Kwa nini? Lazima kwanza ulijue tumbo lake. Pale utumbo mwembamba unapokutana na utumbo mpana pana mfuko mkubwa, umejaa vijidudu vinavyochachusha chakula. Mwaka wa 1882 Morot, mganga wa wanyama Mfaransa, alieleza kwamba sungura hutoa mavi ya namna mbili, na yale mororo huyala tena. Usicheke, bwana, hivyo ndivyo apatavyo protini na vitamini zilizotengenezwa na vijidudu hivyo. Watu waliisahau habari hiyo miaka mingi, hata ikazuka tena mwaka wa 1939.

Sasa nyuzinyuzi za majani. Zile ngumu vijidudu haviziwezi sana. Kazi yake ni kusukuma. Zikipungua, chakula hukawia mfukoni, wanga huchachuka ovyo, na vijidudu vibaya huongezeka. Mtoto huumia zaidi, kwa sababu mpaka karibu majuma matatu chakula chake kilikuwa maziwa, na mfuko wake bado mchanga.

Huko Toulouse François Lebas na Thierry Gidenne walilipima jambo hili miaka mingi. Walishauri kwamba katika majuma ya kwanza baada ya kuachishwa maziwa, karibu sehemu 19 katika kila 100 za chakula ziwe nyuzinyuzi ngumu. Zikizidi sana, nguvu ya chakula hupungua. Mtoto hula zaidi, lakini hakui upesi. Basi mfugaji anayetaka kuuza mapema huona nyuzinyuzi kama kitu cha kujaza gunia tu, na hapo ndipo anapojidanganya.

Mwisho wa mwaka wa 1996 na mwanzo wa 1997 ugonjwa mpya wa matumbo ulizuka magharibi ya Ufaransa, ukaenea Ulaya. Tumbo lilivimba kwa maji na hewa. Mahali pengine walikufa zaidi ya watoto 30 katika kila 100. Nyuzinyuzi peke yake hazikutosha kuuzuia. Wafugaji walikimbilia dawa za antibiotiki. Baadaye wengi wakaanza kuwapimia watoto chakula, wasile kwa kushiba kabisa katika majuma ya kwanza. Walikua polepole kidogo, lakini vifo vilipungua.

Juma lijalo tutasema habari za vibanda vya sungura. Kwaherini.