Nauli ya Njozi: Futuhi ya Kifantasia na Historia ya Utazamaji wa Sinema

Kumekuwapo na mazoea miongoni mwa wahakiki ya kuichukulia futuhi ya kifantasia kama kileo: mtazamaji hulipa, hucheka, husahau. Mfano unaotolewa aghalabu ni Marekani ya mwongo wa 1930, wakati wa Mdororo Mkuu wa uchumi, ambapo inadaiwa kwamba maskini walifurika katika majumba ya sinema ili kuikimbia dhiki. Dai hili lina walakini. Kufikia mwaka 1933 takriban robo ya wafanyakazi wa nchi hiyo hawakuwa na kazi, na mahudhurio ya sinema, badala ya kupanda, yalikuwa yameshuka mno tangu 1930. Wenye majumba walilazimika kuonyesha filamu mbili kwa tikiti moja, na hata kuwagawia wanawake sahani ili waje. Kumbe hata kukimbia kulikuwa na nauli, na wengi hawakuwa nayo.

Woody Allen anausawiri ukweli huu katika The Purple Rose of Cairo (1985). Cecilia, mhudumu wa mkahawa huko New Jersey, ana mume asiye na kazi anayempiga. Anaitazama filamu moja mara kadhaa, hadi mhusika Tom Baxter anapomwona, anakatiza maneno yake na kutoka kwenye kiwambo. Buster Keaton alikwisha kuuvuka mpaka huo katika Sherlock Jr. (1924), ila yeye alimwingiza mtu ndani ya picha, tena ndotoni. Kumtoa mhusika nje ni jambo zito zaidi, kwani huko nje kuna bili. Tom analipia chakula kwa noti za maigizo zisizonunua kitu. Anapombusu Cecilia, anashangaa mbona picha haififii. Wahusika wenzake wamekwama kiwamboni wakilumbana, nao wenye studio wanahofia kesi. Kicheko chote kinachimbuka hapo: njozi haiufichi uchumi, inauanika.

Wapo wanaouona mwisho wake kuwa wa kikatili, nasi twaafikiana nao shingo upande. Cecilia anamchagua Gil Shepherd, mwigizaji wa damu na nyama aliyemwigiza Tom. Tom anarudi kiwamboni. Gil anapanda ndege kwenda Hollywood peke yake. Cecilia, sanduku mkononi, anaingia tena sinema. Inaonyeshwa Top Hat (1935). Fred Astaire na Ginger Rogers wanacheza dansi. Uso wake unakunjuka polepole, na sanduku bado analo.