Miti ya Biblia na Njia ya Misafara ya Unyanyembe

Ntalikwa ni kata ya Manispaa ya Tabora, katika nchi ya Unyanyembe, ambayo katika karne ya 19 ilikuwa kituo kikuu cha misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji, na cha ile iliyorejea pwani na pembe za ndovu na, kwa huzuni ya taarikhi yetu, watumwa. Katika nchi hii ya miombo, mininga na mikuyu, ambako wapagazi walitua mizigo palipokuwa na kivuli na maji, na ambako wazee wenye shauri zito hata leo huchukua vigoda vyao wakaenda kukaa chini ya mti, msomaji wa Biblia haoni ajabu kukuta kwamba mambo makubwa ya Waebrania wa kale, agano na hukumu, maombi na maziko, aghalabu yalitendeka chini ya matawi.

Kitabu chenyewe kinafunguka na mti na kufungwa na mti: katika Mwanzo uko mti wa uzima katikati ya bustani ya Edeni, pamoja na ule wa ujuzi wa mema na mabaya, na katika sura ya mwisho ya Ufunuo mti wa uzima waonekana tena, kando ya mto, majani yake yakiwa dawa ya mataifa. Baina ya miti hiyo miwili wamepita watu wengi. Ibrahimu aliwapokea wageni wake watatu penye mialoni ya Mamre, akawaambia wapumzike chini ya mti huku chakula kikiandaliwa. Na alipokwisha kuapiana na Abimeleki juu ya kisima cha Beer-sheba, alipanda mti mahali pale akaliitia jina la Mungu. Debora, nabii na mwamuzi, alikuwa na baraza yake chini ya mtende, na Waisraeli walimwendea huko kuamuliwa. Na Yoshua, alipowafungisha watu agano huko Shekemu, alisimamisha jiwe kubwa chini ya mwaloni liwe shahidi juu yao, ili asitokee mtu baadaye akakana alichokiahidi.

Hapo ndipo ilipo maana. Mwanadamu hufa, na maneno yake hupeperuka, ilhali mti uliokuwapo siku ya kiapo hubaki mahali pake hata wajukuu wa walioapa wakazeeka. Kwa hiyo watu wa zamani, ambao wengi wao hawakuwa na hati wala mihuri, waliuchukua mti kuwa alama ya amana. Hata wafu waliwekwa katika ulinzi huo. Debora mwingine, mlezi wa Rebeka, alizikwa chini ya mwaloni karibu na Betheli. Na watu wa Yabeshi-gileadi, walipokwisha kuuondoa mwili wa mfalme Sauli na miili ya wanawe katika ukuta ambako maadui waliitundika, waliizika mifupa yao chini ya mti, wakafunga siku 7.

Lakini shahidi si mungu, na manabii hawakuchoka kulisema jambo hilo. Gideoni aliamriwa aikate Ashera, nguzo ya mti iliyoabudiwa, iliyokuwa karibu na madhabahu ya Baali ya baba yake, na kuni zake akateketezee sadaka. Na Yeremia na Hosea waliwakemea waliofanya ibada za sanamu chini ya kila mti wenye majani mabichi. Mpaka huo wa shahidi na mungu ulikuwa na maana yake hapa petu pia, kwani Mapadri Weupe waliofika Tabora mwaka 1878, na Waprotestanti wa London walioanza kazi Urambo kwa Mtemi Mirambo mwaka uliofuata, waliingia katika nchi yenye matambiko ya wahenga. Injili waliyoileta nayo ilikuwa na mti ndani yake: Torati ilimhesabu aliyetundikwa mtini kuwa amelaaniwa, na mitume wakahubiri kwamba mti huo huo wa aibu, yaani msalaba, umekuwa njia ya wokovu. Waislamu wa Tabora nao wanajua kwamba katika Sura ya Maryamu, mama yake Isa alishikwa na utungu penye shina la mtende, akaambiwa alitikise zimwangukie tende mbivu.

Katika miti yote ya Biblia, mkuyu ndio mwenyeji wetu hasa, kwa kuwa ule wa Palestina na huu wa Unyamwezi ni wa jinsi moja. Matawi yake hutandaa chini chini, ndiyo maana Zakayo, mtoza ushuru wa Yeriko, kwa ufupi wake wote aliweza kuukwea ili amwone Yesu akipita. Na matunda yake hushikamana na shina na matawi manene kwa vichala. Nabii Amosi alikuwa mchungaji na mtunza mikuyu, kazi ambayo katika nchi zile ilitaka mtu aipitie kuyu moja moja na kuichanja kwa kisu ili iive.

Waama, katika njia yetu ya misafara kuna habari moja ambayo ingeweza kuandikwa pamoja na ile ya watu wa Yabeshi. Mwaka 1872 Dakta Livingstone, mmisionari na msafiri, alikaa Kwihara, karibu na mji wa Tabora, katika tembe ambalo leo ni makumbusho. Stanley, mwandishi wa habari aliyekuja kumtafuta, alimwacha hapo mwezi Machi, na mwezi Agosti, wapagazi waliotumwa kutoka pwani walipowasili, Livingstone akaondoka kuelekea kusini. Alifia katika kijiji cha Chitambo, nchi ambayo sasa ni Zambia, mwanzoni mwa Mei 1873. Sahibu zake, wakiwamo Susi na Chuma, waliutoa moyo wake wakauzika chini ya mti wa mpundu; na Jacob Wainwright, Myao aliyepata kuwa mtumwa na kusomeshwa na wamisionari huko Nasik, Bara Hindi, alisoma sala za maziko, kisha akachonga kwenye shina jina la marehemu na tarehe.

Mwili waliutia chumvi na kuuanika juani muda wa siku 14, wakauvika kitambaa. Halafu wakabandua gome la mti likiwa zima, kama warina asali wa Tabora wafanyavyo mzinga, wakautia humo, wakaufunga kwa turubai na kuutundika kwenye mti wa kuchukulia. Walipofika Unyanyembe mwezi Oktoba, Luteni Cameron, Mwingereza aliyetumwa kumsaidia Livingstone, aliwashauri wauzike papo hapo, wakakataa. Na kwa kuwa walikhofu kwamba wenyeji wa mbele wangewazuia kupita na maiti, walifunga mabua ya mtama mfano wa maiti, wakawatuma wenzao warudi nayo Unyanyembe kana kwamba wanakwenda kuzika, ilhali mwili wenyewe waliufunga upya kama robota la nguo, wakaendelea nao hadi Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Tarehe 18 Aprili ukazikwa London, katika Westminster Abbey, na Wainwright alikuwa miongoni mwa wachukuzi wa jeneza. Yeye mwenyewe alifariki Urambo mwaka 1892. Na mpundu aliouchonga, ulipoanza kuoza, ulikatwa, na kipande chenye maandishi yake kikapelekwa London, katika Chama cha Kifalme cha Jiografia.

Leo miti ya njia hii inakatwa kwa ajili ya mkaa, mashamba na kukaushia tumbaku, na pamoja nayo yaondoka mashahidi ambao hakuna hati ya kushika mahali pao. Torati iliwakataza hata wanajeshi wenye kuuhusuru mji wasiutie shoka mti wa matunda. Basi sisi tulio katika amani tuna udhuru gani? Ayubu alisema kwamba mti uliokatwa una tumaini la kuchipuka, na miombo yathibitisha neno lake, kwa kuwa visiki vyake huchipua vikiachwa bila moto wala jembe. Viacheni, enyi watu wa Tabora. Na kila kanisa, kila msikiti na kila shule ya Ntalikwa na jirani zake ipande mti wake, kama Ibrahimu alivyopanda Beer-sheba hali ya kuwa mzee wa zaidi ya miaka 100.