Thames: uchafu uliohamishwa tu

Wadau, wiki hii nimezama maktaba, na chanzo ni daladala. Jumatatu tunavuka Daraja la Selander, maji yamekupwa, harufu ya Msimbazi ikaingia dirishani. Jamaa mmoja akasema, "Wazungu wasingekubali hii." Nikanyamaza, ila ikanikaa kichwani. Kweli wasingekubali?

Haya, twende London, kiangazi cha 1858. Vyoo vya kuvuta maji vilikuwa vimeenea, na majitaka ya mji wenye watu zaidi ya milioni mbili yakawa yanaishia mto Thames. Joto likapanda, mto ukanuka mpaka ndani ya bunge, maana jengo liko ukingoni kabisa. Wakaloweka mapazia kwenye dawa ya chokaa, wapi! Sheria ya kujenga mfumo mpya ikapita kwa siku 18 hivi. Kipindupindu kilishaua maelfu mwaka 1849 na 1854, lakini mpaka zifikiwe pua za waheshimiwa ndipo pesa zikapatikana. Si mchezo.

Mhandisi Joseph Bazalgette akajenga mifereji mikubwa chini ya ardhi. Kazi safi, sibishi. Wengi wanaosimulia habari hii huishia hapo na kupiga makofi. Tatizo ni kwamba mifereji ile haikusafisha kitu. Majitaka yalipelekwa mashariki ya mji, Beckton upande wa kaskazini na Crossness upande wa kusini, yakamwagwa hivyohivyo maji yanapoanza kupwa, ili bahari iyachukue. Sasa mlango wa mto haufanyi kazi hivyo jamani. Maji yakijaa yanarudisha kilekile ulichotupa. Uchafu unakwenda na kurudi, bakteria wanaoula wanatumia oksijeni iliyomo majini, samaki wanakosa pumzi.

Tarehe 3 Septemba 1878 meli ya abiria Princess Alice iligongwa na meli ya makaa, Bywell Castle, karibu na mahali hapo, majitaka yakiwa yametoka kumwagwa. Walikufa watu zaidi ya 600, ndani ya maji yale. Hiyo sehemu niliisoma mara mbili, nikafunga kitabu kwanza.

Baadaye wakaanza kutenganisha tope na, kuanzia 1887, kulipeleka kwa meli kulitupa baharini. Yaani mchezo uleule, mbele kidogo! Meli hizo ziliendelea mpaka 1998.

Vita Kuu ya Pili ikaja, mabomu yakaharibu mifereji, kisha sabuni za kisasa zikaongeza povu mtoni. Mwaka 1957 Makumbusho ya Historia ya Asili ya London yakatangaza kuwa mto umekufa kibiolojia. Sehemu inayopita mjini walibaki mikunga tu, ambao wanavumilia maji yenye hewa kidogo.

Kilichoufufua ni mitambo ya kusafisha majitaka kwelikweli, Crossness miaka ya 1960, Beckton miaka ya 1970. Mwaka 1974 akapatikana samoni, wa kwanza tangu 1833. Leo kuna aina zaidi ya 100 za samaki, na sili wanazaa kule mlangoni. Hata hivyo mvua ikinyesha mifereji ya Bazalgette ilikuwa ikifurika mtoni, mpaka handaki jipya la kilomita 25 lilipounganishwa lote mwaka 2025.

Kwa hiyo yule jamaa nikimwona tena namwambia: walikubali, tena zaidi ya miaka 100. Sasa nalala, kesho nina test saa mbili asubuhi.